Madam na Ukurasa wa Sita

Madam hakupenda alama ya mshangao. Akiiona kwenye skrini alinyoosha kidole na kusema, "Nafula, nani anapiga kelele hapo? Toa." Mvua inyeshe isinyeshe, ng'ombe wa mtu afe au azae mapacha, tovuti yetu ilizungumza kwa sauti ile ile ya mwalimu anayeita majina asubuhi. Aliamini kwamba mkulima akipigiwa kelele hufunga masikio, na nadhani kwa hilo hakukosea.

Tulimwita Madam kwa sababu alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka mingi, na hapa Eldoret mwalimu wa kike akishaitwa Madam huzikwa nalo. Alipostaafu alikodi chumba juu ya duka la agroveti mjini, akaweka kompyuta mbili, akaniajiri mimi msichana wa kutoka upande wa Bungoma, karani asiyejua tofauti ya mbegu ya nyanda za juu na ya bondeni. Alinifundisha kwa kunikaripia. Baada ya mwaka mmoja nilikuwa najua magonjwa ya mahindi kuliko ninavyojua ndugu zangu wa mbali.

Tovuti ilikuwa na kurasa tano: Mvua, Mbegu, Maziwa, Bei na Maswali. Siku hizo simu nyingi hazikuwa na intaneti, kwa hiyo watu waliisoma kwenye saiba, vile vyumba vya kukodi kompyuta, au wenye agroveti waliichapisha na kuibandika ukutani karibu na mizani. Wakulima wa Moiben walikuja mjini na gambuti zao zenye matope, wakasimama mbele ya karatasi ile, midomo ikienda polepole. Tukiandika kwamba mvua itachelewa, watu walirudisha mbegu ghalani. Uaminifu wa namna hiyo hunitia hofu hata leo nikiukumbuka.

Mtu akimtazama Madam haraka angedhani ni mtu wa mpangilio. Alikuwa na msemo wake: "Kila kitu mahali pake, na kila mtu na kitu chake." Lakini mkoba wake ulikuwa jalala. Ndani mlikuwa na chaki, kijiko, vikaratasi vya dawa za kupe, miwani miwili iliyovunjika mikono, na mara moja kiazi kilichoota. Alinipigia kelele nikichelewa dakika tano, naye mwenyewe alikuja saa nne bila aibu, amebeba kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando ya kwao. Aliumimina kwenye vikombe vya chai na kumpa kila aliyeingia. Mimi niliuogopa ule mkaa mweusi unaoelea juu ya maziwa. "Kunywa," alisema. "Sisi tumekunywa hii na tuko. Wewe ni nani usiwe?"

Na Kiswahili. Alitaka tovuti iandikwe kwa ngeli zilizonyooka, akapiga mstari chini ya kila kosa langu, huku mdomo wake mwenyewe ukisema "hiyo kitabu" na "hii maziwa imeharibika." Siku moja nilimwambia. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Hiyo ni ya kuongea. Kuandika ni kitu ingine. Kile umeandika kinabaki."

Kasoro yake kubwa ilikuwa kimya. Akikasirika alisema, na mambo yakaisha. Akiona aibu alinyamaza siku tatu, nne, akawa anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Sisi tuliomzunguka tulijifunza kuogopa zaidi akipanga karatasi.

Madam alikuwa na tamaa ya ukurasa wa sita. Kila mtu ana ugonjwa wake, na huo ndio ulikuwa wake. Mwanzoni alianzisha ukurasa wa Riadha, kwani katika mji huu ukitupa jiwe utampiga mkimbiaji. Ulikufa baada ya miezi mitatu. Wapenzi wa mbio walikuwa na pao pa kujua habari zao, kwenye redio na kwenye vibanda vya chai, tena waliwajua wakimbiaji wenyewe kwa majina na kwa shemeji. Kisha akaleta Mapishi. Hapo ndipo tulipochekwa kabisa. Mama mmoja wa mtaa wa Pioneer alipanda ngazi akiwa na karatasi mkononi. "Madam, mnanifundisha kupika mboga ya isagek? Mimi? Hebu niambie kesho itanyesha ama haitanyesha, nianike mahindi yangu."

Baada ya hapo Madam alikaa dirishani akitafakari, na siku hiyo aliniambia mambo ambayo tangu wakati ule nimeyaona yakitokea kwa wengine wengi, magazeti na makanisa pia. Alisema watu hawaji kwenye tovuti. Wanakuja kwenye ukurasa mmoja wa tovuti, ule waliouzoea, na jicho huenda jana lilipokwenda. Wewe unadhani wamekuja nyumbani kwako kumbe wamekuja kisimani tu, na kisima kiko nyuma ya nyumba. Ukijenga chumba kipya mbele watakizunguka.

"Na kuna kitu ingine," akasema. "Wananiamini kwa mvua. Sio kwa kila kitu. Mtu akikuamini na ng'ombe yake, sio lazima akuamini na mtoto yake."

"Sasa mbona tunaendelea kuongeza?" nikamuuliza.

"Kipya kinyemi ingawa kidonda," akajibu, akacheka mwenyewe. Ilikuwa mara ya mwisho kwa muda mrefu kumsikia akicheka, kwa kuwa Desemba ile tulipiga kura.

Sitaeleza vita vilivyofuata kura ile. Walioviona hawahitaji, na ambao hawakuviona nimewachoka na maswali yao. Niseme tu kwamba nilijifungia katika chumba changu siku tisa na majirani wawili tukila uji, na nilipotoka kulikuwa na nyumba nilizozijua kwa rangi ya mabati na sasa hakukuwa na mabati wala kuta. Kabila langu halikuwa linatafutwa sana mwaka ule. Hilo ninalisema bila fahari yoyote. Nililala, nikaamka, nikarudi kazini.

Madam alikuwa na jirani huko Pioneer, ua kwa ua, miaka kumi na minane. Mama Wambui alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na alikodi kipande cha shamba akapanda mahindi na viazi kwa maelekezo ya tovuti yetu. Ukisikia jina unajua kwao ni wapi, na mwaka ule majina ndiyo yaliyoua watu. Alikuwa akipanda ngazi zetu angalau mara moja kwa wiki, kanda ya kupimia shingoni, kubishana na Madam kuhusu mbolea. Walibishana kama dada. Mama Wambui ndiye mtu pekee niliyewahi kumsikia akimwambia Madam, "Nyamaza kwanza," na Madam akanyamaza.

Nyumba yake ilichomwa. Yeye na bintiye walifika kwenye kambi ya waliofukuzwa, wakakaa kwenye hema wiki kadhaa, halafu walipanda lori la kuelekea chini na hakuna aliyejua waliteremka wapi. Simu yake ilikuwa imezimwa. Madam alituambia kwamba siku ya moto yeye alikuwa Moiben kwa kaka yake, na aliporudi alikuta majivu. Alilisema mara moja tu. Sisi tulilirudia mara nyingi, kwa kila aliyeuliza, maana tulimpenda na tulitaka ijulikane kwamba mikono yake ilikuwa safi.

Mwezi wa nne hivi akaniita. Alitaka ukurasa wa sita.

Ulikuwa wa watu kutafutana. Mwenye jirani aliyepotea aandike, aliyeondoka aandike yuko wapi, na sisi tuwaunganishe. Sijawahi kuona wazo jema kuliko lile, na sijawahi kuona Madam akifanya kazi kwa bidii namna ile. Alikuja saa mbili asubuhi. Alichora fomu kwa mkono wake: jina kamili, ulikokuwa ukiishi, ulipo sasa, unamtafuta nani. Juu akaandika kichwa, akanionyesha kama mtoto anayeonyesha daftari: KARIBUNI TENA.

Nilikiona kizuri. Naapa nilikiona kizuri. Tuliupeleka hewani Jumatatu na tukakaa kusubiri.

Hakuna aliyeandika. Wiki ya kwanza, hakuna. Ya pili, mtu mmoja aliuliza bei ya ndama, amepotea njia. Wiki ya tatu akaja mzee mmoja aliyekuwa bado kambini, amevaa koti la msaada lililomzidi mikono. Alikataa kukaa. Alikataa na mursik.

"Mimi nasoma hii website yenu tangu mwanzo," akasema. "Sasa nauliza, Madam. Karibu huambiwa nani?"

Madam alirudisha kikombe mezani.

"Huambiwa mgeni. Mimi nimekaa hapa miaka thelathini na nne. Nimezika bibi yangu hapa. Wale walinichomea walikuwa wanaimba wageni waende kwao. Sasa wewe unaniandikia Karibu. Tena umeweka Tena."

"Sikumaanisha hivyo, Mzee."

"Najua haukumaanisha. Ndio maana nimekuja. Ungekuwa mwingine singekuja."

Akashuka ngazi polepole, akishika ukuta. Madam akaanza kupanga karatasi.

Tuliondoa kichwa kile mchana huo huo, tukaandika Majirani. Haikusaidia. Fomu iliomba jina kamili, na ni nani angeandika jina lake kamili mahali pa wazi mwaka ule? Tukaondoa sharti la jina. Haikusaidia. Ukurasa ulikuwa mtupu, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuingia nyumba yenye mlango wazi na isiyo na sauti ndani.

Nilimwambia Madam aanze yeye. "Andika kuhusu Mama Wambui," nikasema. "Watu wakiona wewe umeandika, wataandika. Mwenyeji ndiye hutangulia kuketi."

"Nitaandika."

"Lini?"

"Nimesema nitaandika, Nafula."

Hakuandika. Nilimkumbusha mpaka nikaona nakuwa nzi. Kila siku aliniuliza kama kuna aliyeandika, na kila siku yeye mwenyewe hakuwa ameandika. Nilidhani ni uvivu wa uzee. Nilimkasirikia, na nilimwambia mama mwenye agroveti kwamba Madam wetu anajua kujenga jiko lakini hajui kuwasha moto.

Kumbe watu walikuwa wanatafutana. Walikuwa wanatafutana pale pale walipozoea, kwenye Maswali, katikati ya mbegu na kupe. Mtu aliuliza viwavi vinauawa na dawa gani, na chini yake: "Na yule mzee wa posho mill ya kona, kuna mwenye anajua kama alifika?" Mwingine aliuliza mbona mtamba wake anakataa kupandwa, kisha: "Nasalimia watu wa plot ya kijani. Niko salama." Walikuwa hawatumii majina. Walitumia kona, rangi za milango, visima. Anayehusika angejua.

Nilifurahi. Lakini wiki moja mtu mmoja alimjibu mwenye kusalimu kwa matusi ya kikabila, mwingine akajibu matusi, na kufikia saa sita ukurasa wa Maswali ulikuwa haufai kubandikwa ukutani popote. Madam aliogopa. Ukurasa ule ndio uliokuwa roho ya tovuti, na sisi sote tulikuwa tumeshaona maneno yanavyoweza kufika kwenye kiberiti. Akatoa amri: ya shamba yabaki kwenye Maswali, ya kutafutana yahamishiwe ukurasa wa sita. Kila kitu mahali pake. Mhamishaji nilikuwa mimi.

Nilihamisha kila asubuhi, kabla ya chai. Siku moja, kati ya mengine, nilihamisha swali hili:

"Nauliza jirani yangu kama ni mzima. Mahindi yangu najua yalienda, hiyo si kitu. Nataka tu kujua kama siku ile alikuwa nyumbani. Msomaji wa zamani."

Sikufikiri chochote. Wasomaji wa zamani walikuwa wengi, na majirani walikuwa wengi zaidi. Nililikata pale, nikalibandika kule, nikanywa chai. Kufikia wakati huo hata mimi nilikuwa siufungui ukurasa wa sita isipokuwa kwa kutupia vitu ndani yake, na Madam alikuwa ameacha kuuliza.

Zilipita wiki tano. Siku hiyo nilikuwa natupia jingine nikaona kwamba chini ya lile la zamani pameongezwa maneno:

"Nimerudi pale nimeandika sikuona. Nimetafuta mpaka nikapata huku chini. Hata kwa website mmenihamisha. Ni mimi fundi wa uniform."

Nilimwita Madam, akaja na miwani yake iliyofungwa kwa uzi, akasoma yote mawili. Akasoma tena. Nilitegemea afurahi. Miezi yote hiyo tulikuwa tumeujenga ukurasa, tukaubadilisha jina, tukauombea kanisani, na mtu mmoja tuliyemtaka alikuwa amekuja na kukaa humo wiki tano peke yake.

"Mjibu," nikasema. "Mjibu sasa hivi, Madam. Mpe namba yako."

"Nitamjibu."

Akarudi mezani, akaanza kupanga karatasi.

Siku tatu nilingoja. Siku ya nne sikuweza tena. Nilifikiri yule mama amekaa mahali fulani kwenye saiba, anafungua na kufunga, anadhani tumempuuza mara ya pili. Nikaandika mwenyewe, kwa niaba ya tovuti, kwa ngeli zilizonyooka kama nilivyofundishwa: "Mpendwa msomaji wetu, jirani yako ni mzima na amekuwa akikutafuta. Siku ile hakuwepo nyumbani. Alikuwa Moiben kwa kaka yake. Tafadhali tuachie namba ya simu." Nilijiona nimetenda jema kubwa. Kisha nilimwonyesha Madam, naye akasoma mpaka mwisho, akasema, "Sawa."

Mama Wambui hakuandika tena. Tulisubiri mpaka msimu wa kupanda ukaja na kupita. Siku moja nilipofika kazini nilikuta Madam ameuondoa ukurasa wa sita, wenyewe na vilivyokuwa ndani. Watu walipouliza, nao hawakuwa wengi, alisema haukuwa na wasomaji.

Miaka ilikwenda. Madam alimwachia tovuti mwanafunzi wake wa zamani aliyesomea kilimo chuoni Chepkoilel, akarudi Moiben kuishi kwa kaka yake. Mimi nilipata kazi ya ofisi mjini, nikaolewa, nikawa mtu wa kusoma Maswali kwenye simu kama wengine. Ukurasa ule bado uko. Vijana wenye tovuti wameongeza video, wameongeza mashindano, wameongeza soko la magari. Watu huingia, huuliza kuhusu mahindi, hutoka.

Mwaka jana niliambiwa macho yake yameharibika, nikaenda kumwona. Nilimkuta ameketi nje kwenye stuli, jua la asubuhi usoni, anapukuchua mahindi kwa kupapasa. Alinijua kwa sauti. Nilipewa mursik, nikanywa. Tulizungumza habari za mvua, kisha akasema, "Uko na hiyo simu ya intaneti?"

"Niko nayo, Madam."

"Fungua pale kwa Maswali. Sitaki pahali ingine. Nataka uniandikie kitu, mimi sioni herufi."

Nilifungua. Nilidhani ni kuhusu mahindi, kwa kuwa kulikuwa na ugonjwa mwaka ule.

"Andika: Mama Wambui, siku ile sikuwa Moiben. Nilikuwa ndani ya nyumba."

Vidole vyangu vilisimama.

"Andika, Nafula. Uligonga mlango. Ukaniita jina mara tatu. Nilikuwa na wajukuu wawili na niliona wale vijana wa kuchoma nyumba kwa barabara. Niliogopa. Nilizima redio." Mahindi yalikuwa yamejaa mkononi mwake na hakuyaachia. "Weka hiyo ya redio. Alisikia ikizimwa. Alikuwa hapo tu mlangoni, lazima alisikia."

Ndipo nilipoelewa lile swali. Miaka yote nilidhani Mama Wambui aliuliza kwa kutojua. Alikuwa anajua. Alikuwa amesafiri mpaka saiba ya mji asioujua, akatafuta mahali pa kuandika, akauliza jambo analolijua ili aone jirani yake atasema nini. Na mimi nikamjibu kwa maandishi, kwa adabu, bila alama ya mshangao, kwamba hakuwepo.

"Mbona uliniacha niandike vile?" nikamuuliza. Sauti yangu haikuwa nzuri. "Nilikuonyesha, Madam. Ulisema sawa."

"Nilisema sawa."

"Nimewaambia watu. Nimekutetea kwa watu hadi leo."

"Najua. Wewe ulidhani ni ukweli. Mimi ndio nilijua." Akapapasa hewani mpaka akapata goti langu. "Andika mpaka mwisho, tafadhali. Na jina langu uweke yote."

Niliandika. Ilinichukua muda, machozi yalikuwa yananizuia kuona nami pia. Nilimsomea, akanirekebisha ngeli mahali pamoja. Nikaweka majina yake yote matatu, nikatuma. Yalikaa pale, chini ya mtu wa kijiji cha Ziwa aliyekuwa anauliza mbolea ya pili huwekwa mahindi yakifika wapi.

"Ameshaona?" akauliza Madam.

"Bado, Madam. Ni sasa tu tumetuma."

"Sawa." Akarudi kwenye mahindi yake, gunzi moja, la pili. "Huyo mwingine anauliza nini?"

"Mbolea ya pili."

"Mwambie magotini. Na akuwe mwepesi, mvua haitakaa."